Mabenchi ya Harusi ya Mume Wangu

Barua zenu zimenifikia, na nyingi ni za matusi. Msomaji mmoja wa Maswa ameandika hivi: "Lukresia, wewe ni mwanamke au gunia? Mwanamume anaoa mwingine kanisani, na wewe unakwenda kumpambia ukumbi!"

Ndiyo, ni mimi huyo huyo gunia. Endelea kutukana, lakini soma.

Kwa wale wanaonikuta leo: niliishi na Joakim Masele miaka minane hapa Bariadi mjini, bila mahari na bila padri. Mimi na cherehani yangu tulimlisha. Serikali iliporuhusu watu binafsi kununua pamba, Joakim akapata mzani, akapata lori la kukodi, akapata pesa, halafu akapata Elizabeth, mwalimu wa sekondari. Mimi nikaambiwa nihame.

Ningehama kimyakimya, Mungu anajua. Lakini siku moja nikiwa sokoni ndugu za Joakim walikuja wakamchukua mtoto wetu Ng'washi, wa miaka sita, wakampeleka Lingeka kwa babu yake, Mzee Masele.

Sasa, sisi Wasukuma tuna utaratibu. Mwanamke asipotolewa ng'ombe, mtoto ni wa kwao mwanamke, mpaka upande wa baba umkomboe kwa ng'ombe. Joakim hakuwahi kunitolea hata mbuzi. Kwa hiyo nilimtuma kaka yangu Luhende aende Lingeka akamdai mtoto. Alikwenda, akarudi peke yake.

"Subiri, dada," akaniambia. "Mambo ya wazee hayaendi kwa pupa."

Nikasubiri. Hapo ndipo Joakim alipokuja kibandani kwangu na tabasamu lake la kununulia pamba.

"Nishonee viti vya ukumbi," akasema. "Watu wakitoka pale wanasifu, Ng'washi utamchukua siku hiyo hiyo, mbele ya watu wote."

Nikakubali. Nionyesheni mama ambaye angekataa.

Ukumbi wenyewe ulikuwa ghala la ushirika. Tangu wanunuzi binafsi waje, ushirika ulikuwa umebaki na popo tu. Kamati ya harusi ililipata bure, ikafurahi, halafu ikaona viti.

Viti! Mabenchi ya kanisani yaliyochongwa kwa shoka, madawati yenye majina ya wanafunzi na wino wa miaka yote, na viti vya klabu ya pombe ambavyo kamba zake zilikuwa zimekatika. Mwenyekiti wa kamati, bwana mmoja mnene mwenye kaunda suti, akazunguka akitikisa kichwa.

"Viti vya plastiki vya kukodi ni ghali," akasema. "Fanya maarifa, mama."

"Nipeni kitambaa."

"Maarifa, mama. Kitambaa kinahitaji pesa. Maarifa ni bure."

Rafiki yangu Milembe ndiye aliyeniokoa. Milembe alikuwa anauza mitumba kibanda cha pili kutoka changu. Aliachika zamani, akarudi kwao Kiloleli, kisha akaja mjini kujitafutia. Alinifungulia robota zima la mapazia ya kafa Ulaya, yenye maua makubwa, akaniambia chukua, utanilipa ukipata.

"Wewe Milembe una roho nzuri," nikamwambia.

"Nina furaha tu," akasema. "Kuna mtu kapeleka posa nyumbani."

"Heee! Nani?"

"Utamjua. Acha kwanza harusi hii ipite."

Nikamkumbatia kwa furaha ya kweli. Mtu aliyeachika akipata posa ya pili ni jambo la kushukuru.

Tukaanza kazi. Tulisugua madawati kwa majivu. Tuligonga misumari iliyotokeza. Mabenchi tukayashonea malinda ya mapazia mpaka chini, miguu mibovu isionekane. Kwa ajili ya mito ya kukalia, Joakim alileta pamba fifi, ile chafu ambayo kinu kimeikataa, ikiwa na mbegu zake zote.

"Mbegu je?" nikamwuliza.

"Una vidole."

Nikachambua mpaka vidole vikavimba. Lakini siku ya nne ukiingia mle ghalani ungesema umepotea njia. Hata mwenyekiti wa kamati alisimama mlangoni akasema, "Aisee!"

Jioni ile akaja Elizabeth kukagua. Msidhani hakujua mimi ni nani. Alijua vizuri sana. Ndiye aliyesema kazi ile nipewe mimi.

"Mwadila, mayu," nikamsalimia kwa heshima, kama ninavyomsalimia mama yeyote.

"Mimi si mayu wako. Sema Madam."

Akakaa kwenye benchi la kwanza. Akainuka. Akakaa la pili. Akakaa la tatu, akajisugua sugua, akakunja uso.

"Hapa pananichoma."

"Ni mbegu, Madam. Chache zimebaki."

"Fumua yote. Uchambue upya."

"Harusi ni keshokutwa, Madam."

"Miaka minane na Joakim, hakukufundisha kuharakisha?" Akageuka kumwangalia Milembe. Milembe akacheka. Nilimwona. Alicheka, kisha akajifanya anakohoa.

"Na pale nitakapokaa mimi na mume wangu," Elizabeth akaendelea, "nataka peupe. Sitaki maua ya nguo za marehemu. Peupe kabisa, upadarizi kidogo ukiweza. Nasikia unajua kudarizi."

Kitambaa cheupe sikuwa nacho. Kesho yake nikamfuata Joakim kwenye mzani wake.

"Nunua kitambaa cheupe cha benchi la maharusi," nikamwambia.

"Hela ya kamati imekwisha. Si kuna yale meupe kwako?"

"Yapi?"

"Yale mashuka."

Nilidhani anatania. Nikamwangalia. Hakuwa anatania.

"Joakim, yale ni mashuka ya kitanda chetu."

"Ya kitanda changu. Kitambaa nilinunua mimi, wewe ulitia nyuzi tu. Tumia hayo."

Nyuzi tu! Nilikuwa nimeyadarizi mwaka tulioanza maisha. Njiwa wawili, na chini yao kwa uzi mwekundu: LALA SALAMA MPENZI. Na chini zaidi: J NA L.

"Geuza maandishi yaangalie chini," akasema. "Nani atajua?"

"Na mzee wako je? Akiyagusa?"

Wasukuma wenzangu mnaelewa nilichouliza. Kwa wengine nitasema waziwazi. Baba mkwe haingii chumba anacholala mke wa mwanawe. Hakalii kitanda chake, hagusi shuka lake. Akiligusa ni mwiko, tena mwiko mkubwa. Kondoo atachinjwa, na wapo wazee ambao hawatakula tena katika nyumba hiyo hadi kaburini.

"Mzee atakaa na wazee wenzake upande wa kulia, kwenye maua yenu ya Ulaya," Joakim akasema. "Benchi jeupe ni la maharusi. Usinitafutie maneno, Lukresia. Unamtaka mtoto au humtaki?"

Nikaenda kuyavua mashuka kitandani.

Sitawadanganya, wasomaji wangu. Nilipokuwa nayapigia bandi, ile mishono mirefu ya muda, kwenye lile benchi, nilicheka. Nilikuwa peke yangu na nilicheka kwa sauti. Nikasema, kalia, Madam. Vaa shela lako, kalia jasho langu la miaka minane. Kama hiyo ni dhambi, basi ni dhambi tamu, na sikuiungama kwa padri. Naiungama kwenu.

Siku ya harusi ikafika. Mimi niliagizwa nikae uani kwa wapishi, nisionekane. Sawa. Shida yangu haikuwa kuonekana.

Lori la Lingeka liliingia saa sita. Mzee Masele akashuka, mrefu, mkavu, na koti lake na fimbo yake yenye chuma mwishoni. Nyuma yake akashushwa Ng'washi wangu, amevaa viatu vipya.

"Ng'washi!"

Akaniona. Akakimbia. Alikuwa amefika katikati ya uwanja, nimeshapiga magoti, nimeshafungua mikono.

"Ng'washi!" babu yake akaita. Hakupandisha sauti hata kidogo.

Mtoto akasimama. Akaniangalia, akamwangalia babu yake, akageuka akarudi. Mtoto wa miaka sita, jamani, tayari ameshafundishwa kuogopa! Nikainuka, nikakung'uta magoti, nikajiambia jioni sio mbali.

Kabla maharusi hawajarudi kutoka kanisani, nikasikia kelele za wanaume ghalani. "Pitisha! Inua upande huo!" Nikachungulia kwa mlango wa nyuma.

Walikuwa wanaingiza sofa, jekundu, la nyumba ya meneja fulani. Mwenyekiti wa kamati anatokwa jasho kwa furaha.

"Tumeazimwa!" akasema. "Maharusi watakaa hapa!"

"Na benchi jeupe?" nikauliza.

"Tumewapa wazee. Ndilo zuri kuliko yote, mama. Umejitahidi sana."

Nikaangalia upande wa kulia. Mzee Masele alikuwa ameshakaa. Katikati kabisa. Amekunja mguu, mikono juu ya fimbo.

Mama wee! Nikataka kuingia. Milembe akanishika kanga kwa nyuma.

"Unakwenda wapi?"

"Amekalia shuka langu! Mwiko, Milembe!"

"Nyamaza. Nani anajua? Ukisema, harusi imekufa na mtoto humpati. Ukinyamaza, jioni unaondoka naye. Chagua."

Nikanyamaza. Nilisimama nyuma ya mlango ule nikanyamaza wakati wa pilau, nikanyamaza wakati wa keki, nikanyamaza wakati Elizabeth anamlisha Joakim na watu wanapiga vigelegele. Watu walikuwa wanasifu viti. Nilisikia kwa masikio yangu. "Viti vya ushirika hivi? Thubutu!" Kila sifa nikahesabu kuwa ni hatua moja ya Ng'washi kuja kwangu.

Kisha wazee wakaitwa kutoa baraka.

Mzee Masele akaweka fimbo chini ili ajisukume. Kile chuma cha fimbo kikaingia kwenye upindo wa shuka. Alipoinuka, fimbo ikagoma. Akaivuta. Ikagoma. Naye ni mzee asiyependa kugomewa. Akaivuta kwa mikono miwili.

Bandi zikaachia zote. Shuka likaruka, likageuka, likamfunika begani, njiwa wakiangalia ukumbi mzima.

Na mwenyekiti wa kamati, yule punguani, alikuwa na kipaza sauti mkononi. Akasoma.

"Lala salama mpenzi... J na L!"

Ghala zima likacheka. Vijana walicheka mpaka wakapiga madawati. Wazee hawakucheka. Wazee waliinuka mmoja mmoja kutoka kwenye lile benchi, wakajipangusa matako, wakasogea mbali.

Mzee Masele alilishika shuka kwa ncha ya fimbo.

"Nani amelalia hili?"

Vijana wakaacha kupiga madawati.

"Joakim. J ni wewe?"

"Baba, ni wivu!" Joakim akasimama, akaninyooshea kidole pale mlangoni. "Ni huyo mwanamke! Amefanya makusudi kuniharibia!"

"Mwulize nani aliniambia niyatumie!" nikapiga kelele. "Mwulize nilimwambia nini kuhusu wewe, baba! Na benchi hili lilikuwa la maharusi, si lako! Mwenyekiti ndiye kalihamisha!"

Mwenyekiti akajificha nyuma ya keki.

"Mchawi," Elizabeth akasema kwenye sofa lake. Alilisema polepole, anajipepea. "Nilijua tu ni mchawi."

Watu wakaguna kukubali. Watu wale wale ambao makalio yao yalikuwa yametulia kwenye mito yangu!

Mzee Masele akavua koti, akalitupa chini.

"Lichomwe. Lukresia, njoo mbele."

Nikaenda. Nikapiga magoti.

"Mwanangu alilala na wewe humu?"

"Miaka minane, baba."

Mzee mmoja wa kamati akajaribu kutuliza. "Mzee Masele, sisi ni Wakristo. Tena huyu hakutolewa mahari, si mkweo."

"Nimebatizwa mimi, mwiko haujabatizwa," mzee akajibu. "Wala mwiko hauulizi mahari."

Akageuka, akamwangalia Ng'washi, aliyekuwa amesimama kando ya benchi na kipande cha keki mkononi. Alimwangalia kama mtu anayeangalia ndama mgonjwa.

"Na huyu ametoka kwenye shuka hili hili," akasema. "Mimi nimekalia mahali alipotungwa, mbele ya watu. Nikimwona nitakuwa naona hilo tu. Hatalala tena kwangu. Mchukue."

Wasomaji wangu, mimi nililia kwa furaha. Mtoto wangu anatukanwa mbele ya watu mia, na mimi nalia kwa furaha! Nilimshika mzee miguu. Nikasema asante baba, asante baba. Nikanyoosha mkono kwa Ng'washi.

Fimbo ikashuka kati yetu.

"Ng'ombe wangu kwanza."

"Ng'ombe gani, baba?"

"Niliowatoa kumkomboa. Sichukui mtoto wa watu bure, mimi si mwizi. Nilimkabidhi kaka yako mkononi, siku aliyokuja kumdai."

Nilimtazama Joakim. Alikuwa anatabasamu. Kumbe alijua tangu mwanzo! Alinichambulisha mbegu, akanivulisha mashuka, kwa kuniahidi mtoto ambaye babu yake alishamnunua.

Kisha nikamtafuta Luhende. Alikuwa benchi la tatu, amealikwa, amekaa kwenye mto wangu, na paja la kuku mkononi.

"Luhende."

"Dada, nilitaka kukuambia..."

"Warudishe."

"Hawapo."

"Umewauza?"

"Hapana. Jana wameondoka na wachungaji." Akaweka paja la kuku chini. "Wanakwenda Kiloleli. Nimeposa, dada. Na mimi nitazeeka bila mke mpaka lini? Wewe utazaa mwingine."

Utazaa mwingine. Mtu niliyenyonya naye titi moja ndiye aliyesema hivyo.

"Umeposa kwa nani Kiloleli?"

Akaangalia mlango wa nyuma. Na mimi nikaangalia.

Milembe alikuwa amesimama pale, ameshika kanga yangu niliyoiacha mkononi mwake.

"Wewe," nikamwambia. "Ulijua ng'ombe wametoka wapi?"

Angeweza kudanganya. Ningemwamini, nilivyokuwa mjinga. Lakini hakudanganya.

"Nilijua, wifi."

Mzee Masele alikuwa anasikiliza. Akagonga fimbo sakafuni.

"Wako njiani bado?"

"Ndiyo, mzee," Luhende akasema. "Watafika kesho."

"Basi sikilizeni. Ng'ombe aliye njiani bado ni wangu. Akiingia zizi la wakwe akapokelewa, amekwenda. Lukresia, wageuze njiani, mtoto ni wako. Wakiingia Kiloleli, mimi sikai naye. Kuna watu wa Mwanza wanatafuta mtoto wa kulea watoto wao. Nitawapa."

"Ana miaka sita, baba!"

"Atakua."

"Mama," Ng'washi akasema. Ndilo neno la kwanza alilonisemesha siku ile. Keki ilikuwa imemwangukia kwenye viatu vipya.

Niliinuka. Kwa Milembe posa ile ilikuwa ya pili na ya mwisho, na nilijua. Ng'ombe wakigeuzwa njiani, kwao watasema amekataliwa tena, na hapo hakuna mwingine atakayekuja. Nilijua yote hayo, na sikumwonea huruma hata kidogo. Naandika hivyo hivyo ilivyokuwa.

Nikaelekea mlangoni. Luhende akawahi, akasimama kizingitini, mikono ameitanua.

"Dada, ukipita hapa, huna kaka."

"Kwani nilikuwa naye?"

Nikamsukuma kwa bega, nikapita. Jua lilikuwa kali. Barabara ya kwenda Kiloleli ilikuwa nyeupe mbele yangu, na mimi sina nauli, sina maji, nina kandambili tu miguuni.

Nyuma yangu nikasikia sauti ya Milembe, haina hata haraka.

"Luhende, chukua baiskeli. Umpite."